Sherehe za Mtaani Berlin: Namna ya Kufaidi Muziki na Michezo Ukiwa Ugenini

Mwaka wangu wa kwanza Berlin, tarehe 21 Juni ilinikuta dirishani. Chini, kwenye kona ya mtaa, vijana wanne walikuwa wamefunga spika mbili mbele ya duka la maua, mmoja akipuliza tarumbeta, na watu wamejaa hadi katikati ya barabara, wengine na watoto mabegani. Nikajiambia: hawa bila shaka wanafahamiana, au kuna kiingilio, au kuna kadi za mwaliko. Nikafunga dirisha nikaenda kusonga ugali. Siku mbili baadaye mama jirani wa ghorofa ya chini aliniuliza kwa mshangao, mbona hakuniona pale? Alinitafuta.

Hakukuwa na kadi. Mwaliko wa sherehe za mtaani Berlin ni tarehe yenyewe. Ukiijua, umealikwa. Nchi hii ina mengi yanayotaka fomu, miadi na muhuri, na mgeni akishazoea hayo huanza kuamini kwamba hata furaha ina ofisi yake. Naandika mwongozo huu kwa ajili yako uliyefika karibuni, mwanafunzi au mfanyakazi, usije ukapoteza mwaka mzima dirishani kama nilivyoupoteza mimi.

Hatua ya 1: Ziweke tarehe kwenye simu leo hii

Usisubiri kusikia. Ukisikia ngoma, mara nyingi sherehe imeshafika katikati.

Ya kwanza katika mwaka ni Karneval der Kulturen, maandamano ya ngoma, mavazi na magari ya muziki yaliyoanza mwaka 1996 na hufanyika wikiendi ya Pentekoste. Jumapili ndiyo siku ya maandamano yenyewe, na Jumatatu inayofuata ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo huna haja ya kuwaza kazi. Kwao ni mtaa wa Kreuzberg, lakini usiende kwa mazoea: mwaka 2025 maandamano yalihamishiwa barabara za Frankfurter Allee na Karl-Marx-Allee. Kila mwaka angalia njia upya.

Ya pili ni Fête de la Musique, yaani Sikukuu ya Muziki, tarehe 21 Juni, iangukie Jumapili au Jumatano. Ilianzia Ufaransa mwaka 1982, Jack Lang alipokuwa waziri wa utamaduni, na Berlin imekuwa ikiisherehekea tangu 1995. Muziki unapigwa mitaani, bustanini, mbele ya maduka na makanisani, na hutoi hata senti.

Ya tatu ni Berlin Marathon, Jumapili moja ya mwezi Septemba, kwa kawaida kuelekea mwishoni. Hiyo nimeiwekea nafasi yake mwishoni mwa mwongozo huu kwa sababu inatuhusu sisi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Halafu kuna miaka ya mpira, yaani Kombe la Dunia na Kombe la Ulaya, ambapo jiji zima huburuta viti na runinga hadi kwenye vijia vya waenda kwa miguu.

Jambo moja la saa. Mkipanga na Waswahili wenzako, semeni mnahesabu saa za wapi. Saa 22 ya Kijerumani ni saa nne usiku kwetu, na nimewahi kuona watu wazima wakipishana kwa saa sita kamili kwa sababu mmoja aliandika "saa nne" na mwenzake akasoma nne ya mchana kwenye simu yake, yaani saa kumi jioni yetu. Andikeni namba kama ilivyo kwenye tangazo.

Hatua ya 2: Panga safari ya kwenda, na zaidi ile ya kurudi

Usiende na gari. Barabara hufungwa tangu alfajiri, na gari lililoegeshwa kwenye njia ya sherehe huvutwa kwa gharama ya mwenyewe. Panda treni.

Kama unakaa Ujerumani muda mrefu, tiketi ya mwezi inayotumika nchi nzima, Deutschlandticket, itakutosha kwa treni za mjini, mabasi na tramu. Tangu Januari 2026 bei yake ni euro 63. Ukinunua tiketi ya karatasi ya safari moja, kumbuka kuipiga muhuri kwenye kile kisanduku kilichopo kituoni kabla ya kupanda. Karneval yangu ya kwanza nilinunua tiketi nikaiweka mfukoni safi kama ilivyotoka mashinani. Mkaguzi alinisikiliza kwa upole, kisha akaniandikia faini ya euro 60. Pesa ile ingenilisha sherehe nzima.

Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi treni za chini ya ardhi hutembea mpaka asubuhi. Siku nyingine husimama baada ya saa sita na kitu usiku, na hapo mnategemea mabasi yenye herufi N mbele ya namba. Fête ikiangukia katikati ya wiki, angalia basi lako la N kabla hujatoka nyumbani, si ukiwa kituoni na simu imebaki na chaji kidogo.

Kituo kilicho karibu kabisa na sherehe ndicho kibaya kuliko vyote. Wakati mwingine hufungwa kwa sababu ya msongamano. Shuka kituo kimoja kabla, utembee.

Hatua ya 3: Jaza mfuko kwa akili

Beba maji, kofia, koti jepesi la mvua (mwavuli unawaziba walio nyuma yako na watakwambia), chaja ya simu, kadi yako ya ukaazi, na sarafu. Sarafu ni za choo na za Späti, yale maduka madogo yanayofunguliwa hadi usiku ambako mengi bado hupendelea pesa taslimu. Vizibo vya masikio vinauzwa kwenye maduka ya vipodozi kwa bei ndogo; ukisimama karibu na gari la muziki kwa saa mbili utajua kwa nini.

Usibebe kisu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024 sheria ya Ujerumani imekaza, na visu vimepigwa marufuku kwenye sherehe za hadhara, hata kile kidogo cha kumenyea chungwa. Menya nyumbani, tia kwenye kopo. Kwenye maeneo yenye uzio na walinzi, chupa za kioo na mabegi makubwa nayo huzuiwa.

Kuhusu chakula: soseji nyingi za barabarani ni nguruwe. Kama huli, uliza neno moja tu, "Schwein?", na muuzaji ataelewa. Kreuzberg na Neukölln utapata nyama za Kituruki na Kiarabu kila hatua chache, na wenye vibanda wengi ni Waislamu. Bia utaiona mikononi mwa kila mtu, maana kunywa barabarani hapa si kosa, lakini hakuna atakayekuuliza mbona umeshika soda.

Ukinunua kinywaji, bei unayolipa ina kitu ndani yake kinachoitwa Pfand, yaani amana ya chombo. Kopo au chupa ya plastiki ya kutupa ni senti 25, chupa ya bia ya kioo senti 8. Kwenye sherehe, kikombe kigumu cha plastiki kinaweza kuwa na amana ya euro moja au zaidi, na mara nyingine unapewa kidude kidogo cha plastiki pamoja nacho. Kitunze! Bila hicho kidude hurudishiwi kitu. Na ukiwa huna nia ya kurudisha chupa yako dukani, usiitupe pipani. Iweke wima kando ya pipa. Kuna wazee na watu wenye hali ngumu wanaopita na mifuko mikubwa wakiziokota, na kwa kuziweka pale unawaepusha kuingiza mkono kwenye takataka. Huu ni utaratibu wa Berlin ambao hakuna bango linalokueleza, na mimi naupenda sana.

Hatua ya 4: Fête de la Musique, chagua mtaa mmoja

Kosa la wageni wengi ni kutaka kuona kila kitu. Programu inaonyesha majukwaa mengi jiji zima, na mtu anaanza kukimbizana na treni: nusu saa ya jazz Prenzlauer Berg, dakika kumi za kwaya Mitte, kisha Neukölln anafika wanakunja nyaya. Anarudi nyumbani amechoka na ameshuhudia zaidi mabehewa kuliko muziki.

Chagua mtaa mmoja, utembee kwa miguu. Fika mapema, kuanzia saa kumi jioni. Simama kwanza pembeni, sikiliza nyimbo mbili, kisha sogea. Ukipendezwa, kaa. Usipopendezwa, ondoka taratibu baada ya wimbo kuisha. Kuondoka katikati ya wimbo mbele ya wanamuziki watatu wenye wasikilizaji kumi ni kuwavunja moyo.

Siku hiyo jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Kwa sisi tuliolelewa karibu na ikweta, ambako saa kumi na mbili jioni inaleta giza na adhana ya magharibi kwa pamoja, mwanga ule wa saa tatu usiku ni kitu cha ajabu. Watu wanacheza na vivuli vyao virefu barabarani, watoto hawalali, na hakuna anayetazama saa. Lakini itazame. Ikifika saa nne usiku muziki wa nje unazimwa, kwa kuwa hapo ndipo saa za utulivu zinaanza kisheria, na Wajerumani wanaziheshimu. Wanaotaka kuendelea huingia kwenye kumbi.

Kama wewe ni mpigaji wa ngoma, gitaa au unaimba taarabu, usibaki msikilizaji miaka yote. Wanamuziki hujiandikisha miezi kadhaa kabla, na majukwaa mengi hutafuta sauti ambazo hayajawahi kusikia. Anza kuuliza tangu majira ya baridi. Kutoka tu na spika yako barabarani bila ruhusa ni jambo jingine. Litaisha kwa polisi.

Hatua ya 5: Watoto, picha, na kupotezana

Mtandao wa simu huelemewa penye umati. Kwa hiyo kabla hamjaingia, chagueni mahali pa kukutania ambapo kila mmoja anapaona kwa macho: mlango wa kanisa, saa ya kituo, mti mmoja mkubwa. Semeni pia saa. "Tukipotezana, saa mbili kamili, mlango wa kanisa." Basi. Mtoto muandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na umwonyeshe mtu wa kumwendea, yule mwenye fulana ya njano au nyekundu ya huduma ya kwanza.

Picha za umati piga utakavyo. Kumpiga mtu mmoja picha ya karibu usoni, na hasa mtoto wa watu, omba ruhusa kwanza. Haki ya mtu juu ya sura yake ina sheria hapa tangu 1907, na watu wanaijua.

Namba mbili ziweke kichwani: 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi.

Hatua ya 6: Siku za mpira, jua kusoma behewa

Mwaka 2006, Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia, barabara pana inayotoka Lango la Brandenburg iligeuzwa Fanmeile, uwanja wa watazamaji wasio na tiketi. Mwaka 2024, kwenye Kombe la Ulaya, walifanya hivyo tena, wakatandika nyasi bandia mbele ya Lango na kusimamisha goli kubwa mno ambalo ndani yake kulikuwa na skrini. Kuingia bure. Kwa mechi kubwa fika saa mbili au tatu kabla, kwa sababu eneo likijaa milango hufungwa na huna wa kumbembeleza.

Mimi napenda zaidi mechi za vibarazani. Mwenye Späti anatoa runinga dirishani, watu wanakalia kreti za bia, na kwa dakika tisini mnakuwa ndugu. Nunua kitu kwake, hata maji. Kiti chako kinalipiwa hivyo.

Sasa neno la dhati. Umati wa mpira si wote mwema. Wapo wanaolewa wakaanza nyimbo za kuudhi, na ngozi yako inaweza kukufanya wewe ndiye wanayemlenga. Behewa likifika na humo ndani watu wanapiga madirisha kwa ngumi, usiingie. Subiri jingine, au ingia lile la kwanza lililo karibu na dereva. Ukitukanwa, huna deni la kujibu. Sogea kwa familia au kwa wazee, sema kwa sauti unachofanyiwa, piga 110 kama unatishwa. Na ukiona anafanyiwa mwingine, kaa karibu naye, msemeshe jambo lolote. Niliwahi kufanyiwa hivyo na dada mmoja nisiyemfahamu, aliniuliza tu saa ngapi, kisha akabaki ameketi nami vituo vitano. Sijamsahau.

Hatua ya 7: Marathon, siku ambayo Kiswahili kinahitajika barabarani

Watu wengi wa kwetu huiona marathon kama usumbufu wa mabasi. Wanapishana na historia yao wenyewe. Suleiman Nyambui wa Tanzania, yule wa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, alishinda Berlin mwaka 1987 na tena 1988. Mwaka 1989 akashinda Mtanzania mwingine, Alfredo Shahanga. Miaka mitatu mfululizo, na wakati huo mbio zilikuwa za Berlin Magharibi tu, Ukuta ulioigawa Berlin bado umesimama. Mwaka uliofuata, siku tatu kabla ya Ujerumani kuungana, wakimbiaji walipita katikati ya Lango la Brandenburg kwa mara ya kwanza.

Baadaye ikawa zamu ya Wakenya. Tegla Loroupe aliweka rekodi ya dunia ya wanawake hapa mwaka 1999, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Paul Tergat akaweka ya wanaume mwaka 2003, 2:04:55, mwenzake Sammy Korir akiwa nyuma yake kwa sekunde moja tu. Patrick Makau, Wilson Kipsang, Dennis Kimetto, wote walivunja rekodi kwenye lami hii. Eliud Kipchoge alifanya hivyo mara mbili, 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022. Njia ni tambarare na hewa ya Septemba ina ubaridi kiasi.

Haya, siku yenyewe. Wakimbiaji wakali huondoka saa tatu na robo asubuhi. Simama kwanza Kottbusser Tor, karibu kilomita ya 13. Kwa mwendo wao wa chini ya dakika tatu kwa kilomita, watakufikia saa nne kasoro dakika saba hivi. Utasikia helikopta kwanza, kisha pikipiki, kisha kimya kifupi, kisha viatu: tap-tap-tap, vyepesi, na wameshapita. Ni sekunde chache. Usizitumie kutazama kioo cha simu.

Shuka chini ukapande treni ya chini ya ardhi ya U8 hadi Alexanderplatz, badili upande ya U2 hadi Potsdamer Platz, karibu kilomita ya 38. Wao wataifika kama saa tano na dakika tano, kwa hiyo una muda wa kutosha, hata wa kununua kahawa. Hapa ndipo mbio zinapoamuliwa, na hapa ndipo uso wa mtu unasema kweli.

Wakishapita wakali, usiondoke. Watazamaji wengi huondoka, na ndiyo kosa kubwa la siku. Nyuma yao wanakuja maelfu, na mlango wa kumalizia haufungwi mpaka zipite saa sita na robo tangu kundi la mwisho lianze. Wengi wana jina limeandikwa kwenye namba ya kifuani. Lisome, liite. Mjerumani aliyechoka akiitwa jina lake na mtu asiyemjua, mgongo unanyooka. Ukiona bendera ya Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo, Tanzania, basi mwite kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita daladala. "Kaza!" inatosha. "Twende!" inatosha. Ila kilomita ya 13 usimwambie mtu "bado kidogo", maana bado sana, na yeye anajua.

Mwaka jana saa nane na nusu mchana nilikuwa bado nimesimama Potsdamer Platz, sauti imekwisha, na upande wa pili wa barabara wamebaki watu wachache. Akaja dada mmoja anatembea, mkono kiunoni, kichwani amefunga kipande cha kanga nyekundu. Nikapiga kelele: "Dada, Lango liko hapo mbele, zimebaki kilomita nne!"

Akasimama kabisa. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Nne za kweli?"

"Za kweli, wallahi."

Akaivuta kanga ikakaa vizuri kichwani, akaanza kukimbia.